Wiki tatu natafuta pasi: uzi wa sisi tunaoshindwa kuchagua

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naanza na pasi maana ndiyo iliyonifumbua macho. Pasi yangu iliungua waya. Mtu mwingine angetoka jioni ile ile akanunua nyingine, yakaisha. Mimi nikafungua simu "nicheki kidogo". Siku ya tatu nilikuwa najua tofauti ya kitako cha seramiki na cha chuma kisichoshika kutu, najua wati zinazotosha kunyoosha pamba nzito, najua malalamiko ya watu nisiowafahamu kuhusu matundu ya mvuke kuziba kwa chokaa. Siku ya kumi nikatengeneza jedwali. Nasema kweli, jedwali, lenye safu ya uzito, urefu wa waya na miaka ya waranti. Wiki ya tatu ilinikuta bado naazima ya jirani. Yeye alishafika mahali pa kunifungulia mlango huku pasi iko mkononi, haniulizi tena shida yangu ni nini. Siku moja tu aliuliza: "Hiyo unayoitafuta, itakuwa inanyoosha yenyewe?"

Mwishowe nilinunua ile ile niliyoiona siku ya kwanza.

Ningecheka nikasahau kama kusingekuwa na la pili. Rafiki yangu wa tangu shule alifiwa na baba yake. Nilikuwa mbali, sikuweza kufika. Nikaandika "Pole sana ndugu yangu", nikaiona ni ya kila mtu, nikaifuta. Nikaandika ndefu, nikaona kama najisifia uandishi, nikaifuta. Kesho yake nikajaribu tena. Kila siku iliyopita ilinidai ujumbe mzuri zaidi ya wa jana, ili ufidie na kuchelewa. Siku ya kumi na moja nikaacha. Huu ni mwezi wa nne. Hajanilaumu, na afadhali angenilaumu.

Nimejichunguza sana kati ya hayo mawili, nikaona ni ugonjwa mmoja. Sikuwa natafuta pasi bora. Nilikuwa naikimbia ile siku ya kusema "laiti ningejua". Maana mtu anayeendelea kutafuta hajakosea bado. Anayeweza kukosea ni aliyekwisha kuchagua. Kwa hiyo kutafuta kunakuwa maficho, tena maficho yenye heshima, watu wanakuona makini, hufanyi pupa. Hata kwenye ule ujumbe, nilichokuwa nalinda hakikuwa hisia za rafiki yangu. Nilikuwa najilinda mimi nisionekane nimeandika maneno mepesi.

Nikaanza kusoma (na hapo nusura nitengeneze jedwali jingine). Kuna mtaalamu wa Marekani, Herbert Simon, aliyeandika mwaka 1956 kwamba viumbe wenye akili na muda wenye kikomo hawawezi kupima kila njia iliyopo. Wanachofanya ni kuwa na kiwango fulani cha kutosha, na cha kwanza kinachofika hapo wanakichukua. Akaunda hata neno lake kwa kuunganisha "kuridhisha" na "kutosha". Huyu bwana alipewa Nobel ya uchumi mwaka 1978, kwa hiyo si maneno ya kijiweni. Baadaye, mwaka 2002, Barry Schwartz na wenzake wakatengeneza maswali ya kuwapima watu: nani lazima apate kilicho bora kuliko vyote, nani anaridhika na kinachotosha. Wale wa kwanza, kwa wastani, waliripoti majuto zaidi na furaha kidogo.

Msinipigie makofi bado. Utafiti mwingine wa mwaka 2006, ambao Schwartz naye alishiriki, uliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni wakitafuta kazi. Watafuta-bora walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20. Na bado walijisikia vibaya zaidi kuhusu kazi walizopata. Hapo nilikaa kimya dakika kadhaa. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba kutafuta hakulipi. Kunalipa. Kinachonisumbua ni kwamba unalipwa kisha huwezi kufurahia ulicholipwa.

Ninachojaribu siku hizi ni kuandika kiwango kabla ya kuangalia chochote. Kabla, sio baada. Ukishaangalia, kiwango kinaanza kupanda chenyewe. Kwa pasi ingekuwa: iwe na mvuke, waya ufike kutoka kwenye soketi hadi mezani, nisiumie mkono. Basi. Ya kwanza inayotimiza hayo matatu ndiyo yangu, na baada ya hapo sifungui tena ukurasa wowote wa pasi. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Nawajua watu wanaonunua kitu halafu wanaendelea kukisoma mwezi mzima. Nawajua kwa sababu ni mimi.

Wenzangu wenye tatizo hili mnafanyaje? Na waliopona, mlianzia wapi?

Kinyonga Mwendo

Mkuu, hilo jedwali liweke hapa. Pasi yangu nayo imeanza kutoa moshi.

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Nilishalifuta.

(Uongo. Lipo. Sikupi.)

Fundi Saa

Jina lako tu linatosha kuwa mada. Mchagua nazi hupata koroma. Wazee walishamaliza hili kabla ya hao wa Nobel. Na yule fisi wa njia panda, aliyenusa mnofu kushoto na mnofu kulia, akataka kufuata njia zote mbili akapasuka msamba. Wazungu wao wana punda aliyekufa katikati ya marundo mawili ya majani yaliyolingana, wanamhusisha na mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 14, Jean Buridan, ingawa punda huyo hayumo katika maandishi yake. Mimi naona fisi wetu ana akili ya kisa kuliko punda wao. Punda alikufa kwa sababu marundo yalilingana. Fisi alikufa kwa sababu hakutaka kupoteza. Mleta uzi ni fisi.

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Asante, nadhani.

Dada wa Kabati

Umenichora, kaka. Ila mimi vitu vya kununua havinisumbui, nanunua haraka hata kupita kiasi. Shida yangu ni nguo za kuvaa asubuhi, na nianzeje barua pepe ya kazini. Kila asubuhi nguo nne zinabaki kitandani. Nilidhani ni urembo hadi siku moja nikajiuliza: hivi huyu anayenikagua ni nani? Maana mimi mwenyewe wala sijali sana. Nikagundua ni sauti ya mtu mmoja aliyenilea, alikuwa na tabia ya kukutazama kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, bila kusema neno. Yupo mbali miaka mingi, lakini kila asubuhi ananisubiri mbele ya kioo.

Nilisomea saikolojia kidogo. Hewitt na Flett, mwaka 1991, waligawa hali hii ya kutaka ukamilifu sehemu tatu: unaojidai mwenyewe, unaowadai wengine, na unaoamini kwamba wengine wanakudai wewe. Huu wa tatu ndio wangu, na nahisi ndio ulioua ule ujumbe wako wa rambirambi. Curran na Hill walikusanya takwimu za wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, za kati ya 1989 na 2016. Aina zote tatu zilikuwa zimepanda, na hiyo ya tatu ndiyo iliyopanda kuliko nyingine, kama asilimia 33. Kwa hiyo usijione wa ajabu.

Kilichonisaidia ni kuchagua nguo usiku. Usiku nimechoka, yule mkaguzi naye amechoka.

Mpita Njia

Hiyo ya usiku naiiba.

Mkono Mtupu

Naomba nipinge kidogo, maana mnakubaliana mno humu.

"Kinachotosha kinatosha" ni maneno ya mtu ambaye akikosea atanunua kingine. Mleta uzi pasi ikimshinda ataiweka kabatini, ataleta nyingine. Mimi nikikosea nakaa na kosa langu miaka mitano, kila siku naliona. Kwangu kuchunguza sana si ugonjwa. Ndiyo kinga pekee niliyonayo. Hao maprofesa waliwapima watu wa namna gani? Wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Wakija kunipima mimi nitawaambia haraka haraka haina baraka.

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Mkuu, hapa umenibana na sina jibu la haraka. Kweli gharama ya kosa haiwezi kuwa moja kwa kila mtu, na sikuiweka kabisa kwenye hesabu yangu. Niulize tu: wewe ukitaka kununua kitu unachojua utakaa nacho miaka mitano, unafanyaje hasa?

Mkono Mtupu

Natafuta watu wawili ambao wamekitumia zaidi ya mwaka. Sio wiki moja, mwaka. Nawauliza swali moja tu: kiliharibika nini kwanza? Wakitaja kitu ninachoweza kukitengeneza, nanunua. Siku mbili tatu imeisha.

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Siku mbili tatu! Mimi mwenye uwezo wa kukosea nilichukua wiki tatu na maoni ya watu mia, wengi wao wamekaa na kitu hicho kuanzia asubuhi. Wewe usiyeweza kukosea unachukua siku tatu na watu wawili. Kwa hiyo hatubishani, mkuu, wewe tayari una kiwango. Mimi ndiye sikuwa nacho. Na swali lako ni zuri kuliko jedwali langu lote. "Kiliharibika nini kwanza" limeshakubali kwamba kitaharibika. Mimi nilikuwa natafuta kisichoharibika.

Mkono Mtupu

Kisichoharibika hakijatengenezwa. Ila sawa, nimekuelewa.

Kinyonga Mwendo

Tatizo ni wingi wa vitu, wakuu. Kuna lile jaribio maarufu la jemu, Iyengar na Lepper, mwaka 2000. Meza yenye aina 24 ilivuta watu wengi zaidi kusimama, lakini walionunua walikuwa asilimia 3 tu. Meza yenye aina 6, walionunua walifika asilimia 30. Punguza machaguo, umepona.

Fundi Saa

Hilo jaribio linazunguka sana kuliko uzito wake. Mwaka 2010 kuna waliokusanya majaribio 50 ya aina hiyo wakayapima pamoja: wastani wa athari ulikuwa karibu na sifuri. Mahali pengine wingi ulichanganya watu, mahali pengine uliwasaidia. Mtu anayejua anachotaka haogopi rafu ndefu. Ukimpa mleta uzi pasi mbili tu, atazipima kwa mizani.

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Kwa bahati mbaya ni kweli. Chumbani kwangu kuna kuta nne na nimeshindwa kuamua kitanda kiegemee upi. Machaguo manne, tena mawili yana mlango na dirisha.

Tikiti Maji

Mnajisumbua. Nunua mahali wanapokubali urudishe ukiwa hujaridhika. Hofu inaisha hapo hapo. Milango yote iache wazi.

Dada wa Kabati

Nilikuwa nafikiri hivyo, kaka, hadi nikasoma jaribio la Gilbert na Ebert la mwaka 2002. Wanafunzi walipiga picha, wakasafisha mbili wenyewe, wakaambiwa wabaki na moja tu. Wengine walipewa nafasi ya kubadilisha mawazo baadaye, wengine waliambiwa uamuzi ni wa mwisho. Waliofungiwa mlango ndio walioipenda picha yao zaidi. Na cha kuchekesha, watu hawakulitarajia hilo, walidhani mlango wazi hauna madhara.

Kwenye kabati langu ni hivyo hivyo. Nguo yenye risiti bado mfukoni siivai kwa amani. Nakuwa kama nimeiazima. Nikishaikata lebo, nimeshaoana nayo, naanza kuona mazuri yake.

Tikiti Maji

Kumbe. Mimi nina buti kwenye boksi tangu mwezi uliopita na risiti juu yake. Nimezivaa ndani ya nyumba tu, kwenye zulia, zisichafuke soli.

Mpita Njia

Huyu naye apewe uzi wake.

Njiwa wa Pili

Mimi natumia sarafu, wakuu. Kabla haijatua unajua unaombea upande gani.

Na sio mzaha. Mchumi Steven Levitt aliwahi kufungua tovuti, watu wanaosita wakaenda kurusha sarafu ya kompyuta kuamua mambo yao, hadi makubwa kama kuacha kazi. Ilirushwa zaidi ya mara 20,000. Baada ya miezi sita, kwenye maamuzi makubwa, waliobadilisha walikuwa na furaha zaidi ya waliobaki pale pale. Ni watu waliojitokeza wenyewe, kwa hiyo usiende kuvunja ndoa kwa sarafu. Lakini inaonyesha kwamba mtu akifikia hatua ya kwenda kuomba ushauri wa sarafu, huenda moyo ulishaondoka zamani, umebaki mwili tu.

Daktari wa Zamu

Neno fupi halafu nawaacha na utani wenu. Mliyoeleza mengi ni tabia. Lakini kama hukuwa hivi, halafu ghafla hata jambo dogo kama kuoga sasa au baadaye linakushinda, usingizi umeharibika, ulivyokuwa unavipenda havina ladha, na hali imekaa wiki mbili au zaidi, nenda kaonane na mtaalamu. Kushindwa kuamua ni mojawapo ya dalili tunazouliza tunapochunguza sonona. Vilevile anayerudia kukagua jambo lile lile mara nyingi huku anajua halina maana lakini hawezi kuacha. Jedwali la pasi halinitishi. Hayo mengine yananitisha.

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Asante daktari. Nimejikagua (mara moja tu). Nalala vizuri.

Bi Mkubwa

Wanangu, nimesoma uzi wote, mmezungumza pasi, jemu, sarafu na picha. Lile la rambirambi mmeliruka kama dimbwi. Aliyeligusa ni huyu binti wa kabati peke yake, naye kwa utafiti.

Wewe Mchagua Koroma, nikwambie. Mimi nilifiwa na mume wangu. Wiki ya kwanza simu haikutulia, jumbe zilikuja nyingi mpaka nikawa sizisomi, nazipitisha tu kwa kidole. Nzuri zilikuwemo, zenye maneno mazito, sikumbuki hata mmoja. Ninaoukumbuka ulikuja mwezi wa sita, simu zikiwa zimenyamaza na watu wameshaanza kuniuliza habari za mvua na bei ya vitu. Aliandika: "Dada, leo nimemkumbuka alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza kusema. Nimechelewa kukuandikia, nisamehe." Basi. Nililia, nikaosha uso, nikapika nikala vizuri siku ile.

Sasa wewe unahesabu miezi minne kama deni lililooza. Huyo rafiki yako kwa sasa ndiyo yuko peke yake. Na hayo maneno unayoyatafuta hayapo, mwanangu. Hata aliyekuwa bingwa wa maneno hajawahi kumfufua mtu kwa ujumbe. Unamkumbuka baba wa rafiki yako kwa lipi? Liandike hilo. Usiniletee hapa nilisahihishe, maana nimeshaona utataka kulileta. Tuma kwanza ndipo usome mchango unaofuata.

Fundi Saa

Nafuta utani wangu wote. Mleta uzi, umesikia.

Kinyonga Mwendo

Tumekaa hapa tunasubiri, mkuu. Hatuondoki.

Mpita Njia

Saa limepita. Atakuwa anatengeneza jedwali la rambirambi.

Mchagua Koroma (mleta uzi)

Shikamoo Bi Mkubwa.

Sikutengeneza jedwali, ila nisiwadanganye, dakika ishirini za kwanza niliandika nikafuta kama kawaida. Nikaweka simu mezani. Nikajiwekea kiwango kama cha pasi: iwe kweli, imtaje baba yake, na niombe radhi bila kueleza sababu. Hilo la sababu ndilo lililokuwa linanirefushia ujumbe siku zote, kila sababu ilihitaji sababu nyingine ya kuitetea.

Baba yake alikuwa na baiskeli nyeusi. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitupakia wote wawili, mmoja mbele kwenye bomba, mmoja nyuma, na kila tukifika kwenye mteremko alikuwa akisema "shikeni roho zenu". Nimeandika hiyo. Mistari minne. Nimeona baada ya kutuma kwamba nimeandika "samhani". Kidole kilienda kwenye kufuta, nikakirudisha.

Amejibu kabla sijaweka simu chini. Ameandika "shikeni roho zenu" mara tatu, halafu akasema baiskeli bado ipo, hakuna aliyekubali iuzwe. Anauliza nitakwenda lini.

Nimemwambia Jumamosi.